Tumtaje Syvilla Fort kwanza

Mwalimu wetu wa mazoezi ya dansi ya Jumamosi hapa Seattle, Marekani, ana kawaida yake moja. Kabla hatujapasha viungo, kabla mpiga ngoma hajagusa ngozi, anatupanga mistari, viatu tumeshavua, halafu anataja majina. Anamtaja aliyemfundisha yeye, kisha aliyemfundisha huyo, anapanda hivyo hivyo mpaka anafika juu, hatoi maelezo wala hotuba, anapiga kofi moja tu na ngoma inaingia.

Mi nimekulia Tanga, na mtindo wenyewe haukuwa mgeni kwangu. Ustadhi wetu wa madrasa naye alikuwa vile vile, hakufungulii kitabu mpaka akwambie yeye kakisoma kwa nani na huyo naye kakisoma kwa nani, ndo roho yake itulie, ndo muanze. Kwa hiyo nikasimama pale na suruali yangu ya mazoezi, kitambaa kichwani, nikajiona niko nyumbani kabisa.

Kilichonikaa kichwani ni jina moja. Juu kabisa anatajwa Katherine Dunham, mcheza dansi mweusi wa Marekani, huyo nilishawahi kumsikia. Chini yake tu linakuja jina la Syvilla Fort.

Siku hiyo mama mmoja mgeni akanyoosha mkono akauliza, huyo Syvilla ndo nani? Mwalimu akamjibu, "Ni wa hapa hapa. Kazaliwa mji huu." Akapiga kofi lake, ngoma ikaingia, tukaanza.

Wa hapa hapa!

Nimeishi mji huu miaka, nimezaa hapa, nimelipa kodi za nyumba na mabasi ya hapa, na sikuwahi kulisikia jina hilo. Ikaanza kunikera. Wiki zikawa zinapita na mi bado naokoteza, leo ukurasa huu, kesho mahojiano yale, usiku watoto wakishalala, mpaka mume wangu akaniuliza huyu Syvilla anatudai nini.

Nadhani kuna kitu anatudai kweli, ndo maana naandika.

Milango ya Seattle

Syvilla Fort alizaliwa Seattle tarehe 3 Julai 1917. Alianza kujifunza kucheza akiwa na miaka mitatu. Nyumbani walipoona mtoto ana kipaji wakatafuta shule za baleti, na shule zikamkataa, moja baada ya nyingine, kwa sababu ni mweusi. Basi akawa anasoma kwa masomo ya binafsi, nyumbani.

Hadithi za kukataliwa tunazijua wote, zina umbo lake, mtoto anakataliwa, anakaza, anafanikiwa, tunapiga makofi. Mi nilikuwa naisoma kwa haraka nikijua inakoelekea. Halafu nikafika mahali pameandikwa kwamba alipofika miaka tisa alikuwa anafundisha watoto wa mtaani kwao, baleti, dansi ya kugonga viatu na dansi za kisasa, watoto ambao hawakuwa na njia ya kulipia masomo.

Miaka tisa jamani.

Binti yangu ana umri unaokaribia huo, nikamwangalia pale kwenye zulia anachora, nikajaribu kuwaza akiwapanga wenzake mistari, anawashika mabega, anawaambia wewe rudi nyuma kidogo, wewe nyoosha mguu. Mtoto aliyefungiwa mlango anachukua kile kidogo alichopata kwa mlango wa uani, na siku hizo hizo anakigawa. Hakusubiri kwanza aje kuwa mkubwa, wala hakusubiri cheti. Naona alikuwa mwalimu hata kabla hajawa mchezaji, na ukilishika hilo maisha yake yote yaliyofuata yanasomeka tofauti kabisa na wanavyoyaandika watu.

Mwaka 1932 akaingia Cornish School hapa Seattle, shule ya sanaa aliyoianzisha Nellie Cornish, akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi pale. Mwalimu wake wa dansi alikuwa Bonnie Bird, aliyekuwa amecheza na Martha Graham, gwiji wa dansi ya kisasa, huko New York. Na mwaka 1938 akaja kijana mmoja kupiga piano kwenye madarasa ya Bonnie Bird, kijana mtunzi wa muziki anaitwa John Cage.

Jumba dogo, piano moja

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndo kero yangu ilipozaliwa.

Kama unasoma muziki utakuwa umesikia kuhusu "piano iliyoandaliwa". Unachukua piano, unafungua mfuniko, unabana vitu katikati ya nyuzi, skrubu, bolti, vipande vya mpira, halafu ukibonyeza vibao haitoki tena sauti ya piano, inatoka kama kundi zima la ngoma na vyuma. Kwenye vitabu vya muziki hicho ni kitu kikubwa sana, na Cage anatajwa kama mvumbuzi wake. Sawa, kavumbua. Mi swali langu lilikuwa, kwanini? Kilimsukuma nini mtu afungue piano atie bolti?

Kilichomsukuma ni Syvilla Fort.

Ilikuwa 1940. Syvilla, miaka 22, ana onyesho lake la dansi na kuna kipande kipya kinaitwa Bacchanale, chenye roho ya Kiafrika, akamwomba Cage amtungie muziki na siku zilizobaki ni chache. Cage wakati huo alikuwa anaandika muziki wa ngoma na vyuma vya kugonga, kundi la watu kadhaa, ndo ungefaa kabisa. Ila jumba lenyewe lilikuwa dogo, hamna pembeni pa kuweka wapigaji, hamna shimo la wanamuziki mbele ya jukwaa. Ilikuwepo piano moja tu pembeni, chini ya stejini, mbele ya watazamaji.

Cage mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alijaribu kwanza kuandika kwa utaratibu wake wa noti 12 aliokuwa ameuzoea, yaani noti zote 12 zinapangwa kwa mfuatano mmoja ndo muziki unatoka humo, akatafuta mpangilio utakaosikika Kiafrika, akakosa. Akatafuta wee. Ndo akafika mahali akaona tatizo si yeye, tatizo ni piano. Akaenda jikoni akachukua sahani ya bati ya kuokea, akailaza juu ya nyuzi. Sauti ilibadilika vizuri tu ila sahani ikawa inarukaruka. Akaweka misumari, ikateleza. Akaweka skrubu na bolti, zikashika, zikatulia. Akaongeza mpira ule wa kuzibia upenyo wa madirisha, kazi ikaisha.

Nimeusikiliza huo muziki mara nyingi sasa, nikiwa napika, nikiwa kwenye treni. Unadunda haswa. Kuna mahali mkono wa kushoto unarudia kitu kile kile unang'ang'ania, na kila nikifika hapo najikuta nahesabu kwa miguu. Muziki huu umetungwa ili mtu fulani akanyage, unasikia kabisa kuna mahali mguu unatua. Mtu mwenyewe ana jina.

Sasa angalia kilichotokea baada ya hapo. Muziki uliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikachapwa, ikauzwa, wapiga piano dunia nzima wanaupiga mpaka leo, wanasoma digrii kwa huo muziki. Dansi ilikuwa mwilini mwa Syvilla. Kwa hiyo kwenye hadithi kubwa ya muziki wa karne iliyopita msichana mweusi wa Seattle anaingia kwa sentensi moja tu, "mchezaji mmoja alimwomba muziki," wengine hata jina hawaweki, na sentensi inayofuata inaendelea na Cage kwa kurasa 10.

Simlaumu Cage, yeye alikuwa anamtaja. Waliosimulia baada yake ndo walioona jina halina kazi.

Goti

Akatoka Seattle akaenda Los Angeles. Huko mtunzi William Grant Still akamkutanisha na Katherine Dunham, na Dunham akamchukua kwenye kundi lake. Dunham sitamweleza sana, wengi mnamjua, mama aliyesoma anthropolojia University of Chicago, akaenda Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti mwaka 1935 na 1936, akakaa na watu, akacheza nao, akarudi na elimu ambayo ulimwengu wa dansi wa Marekani haukuwa nayo. Syvilla akazunguka na kundi hilo miaka ya vita, shoo juu ya shoo, na kwenye filamu ya Stormy Weather ya mwaka 1943 kundi la Dunham limo na yeye yumo.

Halafu goti likaumia. Ikafika 1945 safari zake za kucheza na kundi zimeisha, hajatimiza hata miaka 30.

Nilipofika hapo niliumia moyo, na nikajiambia kimoyomoyo, basi ndo maana akawa mwalimu, maskini. Hilo neno maskini likaanza kunisumbua. Yaani nilikuwa nimeshaamua kwamba kufundisha ni pale unapoangukia ukishindwa kucheza. Tunaamini hivyo wengi bila kusema, mchezaji ndo kafika, mwalimu ni yule aliyeishia njiani.

Dada yangu Dar anafundisha mazoezi ya kina mama, asubuhi na mapema, nje kwenye uwanja, spika moja na mkeka wa kila mtu. Zamani alikuwa anacheza netiboli ya ushindani mpaka goti lake nalo likakataa. Nikampigia.

"Dada, hivi ulipoacha netiboli uliumia sana?"

"Niliumia, kwanini nisiumie. Kwani vipi?"

Nikamweleza habari za Syvilla mpaka pale kwenye goti. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamwambia mtu asogeze gari.

"Sikiliza mdogo wangu, usimwonee huruma ya kufundisha. Mlipokuwa mnanitazama nacheza mlishangilia, mkimaliza mnarudi nyumbani vile vile mlivyokuja. Hawa kina mama wangu kuna mmoja alikuwa hawezi kuinama afunge kiatu cha mjukuu, leo anakifunga. Mi sikushuka popote. Kazi hii ni ngumu kuliko ile."

Akakata, maana alikuwa kazini.

Nikarudi kumsoma Syvilla upya, nikamkuta yule mtoto wa miaka tisa anawapanga wenzake mistari. Goti lilimwondoa stejini. Kwenye ualimu alikuwepo tangu zamani.

Ghorofani West 43rd Street

Dunham alikuwa na shule New York, West 43rd Street, katikati ya mitaa ya majumba ya michezo, na mwaka 1948 akamkabidhi Syvilla. Mwenyewe Dunham alikuwa safarini muda mwingi, leo Ulaya, kesho Amerika Kusini, na shule ya watu inahitaji mtu anayefungua mlango asubuhi. Huyo mtu alikuwa Syvilla, msimamizi mkuu na mwalimu wa dansi, mpaka 1954 shule ilipofungwa kwa kukosa fedha.

Ilikuwa shule ya ajabu. Unasoma kucheza, unasoma kuigiza, unasoma anthropolojia, unasoma lugha. Weusi na weupe darasa moja, na hii ni Marekani ya miaka ya 40, ambapo sehemu nyingi watu hao hao wasingeruhusiwa kukaa kiti kimoja.

Na darasani kunafanyika nini? Hapa ndo natamani ningekuwa na uwezo wa kukuonyesha kwa mwili badala ya maneno, maana ni kile kile tunachofanya sisi Jumamosi. Unasimama magoti yamelegea kidogo. Mabega yanaenda, mbavu zimetulia. Mbavu zinaenda kulia na kushoto, nyonga zimetulia tuli. Nyonga zinazunguka, kichwa hakina habari. Kila kiungo kinajifunza kutembea peke yake, halafu ngoma inaongeza mwendo na unaambiwa changanya, mabega na mwendo wao, nyonga na mwendo wao, pumzi inaenda na ngoma kubwa. Mara ya kwanza unachanganyikiwa kabisa. Halafu kuna ile waliyoichukua Haiti, yanvalou, inachezwa kwa ajili ya Damballa ambaye ni roho wa nyoka, unainama mbele, magoti yamekunjwa, na wimbi linaanzia kiunoni linapanda pingili kwa pingili mpaka shingoni, halafu linaanza tena.

Ukiifanya dakika 10 jasho linatoka mpaka kwenye kope. Ukiifanya miezi, mgongo wako unakuwa mgongo mwingine.

Nawaambia hivi kwa sababu watu wakisikia dansi wanawaza burudani, na wakisikia mazoezi wanawaza mashine za jimu, kukimbia kwenye mkanda, kuhesabu kalori. Kwa Syvilla vitu hivyo havikuwa viwili. Miaka yake ya mwisho alifundisha pia Teachers College ya Columbia University, kwa muda wa ziada, na somo alilofundisha lilikuwa elimu ya viungo. Nilifurahi sana kuliona hilo. Mwanamke aliyekataliwa na shule za baleti za Seattle anawafundisha watu watakaokuwa walimu wa viungo, na anawafundisha kwa mwendo uliotoka Afrika ukapita Karibiani.

Mwalimu wetu huwa anazunguka kati ya mistari anaangalia magoti. Hajali sana kama mkono wako umependeza. Anachuchumaa mbele yako, anaweka kiganja chake kwenye goti lako analisogeza nje kidogo mpaka lifuate vidole vya mguu, anakutazama usoni kuhakikisha umeelewa, anaenda kwa mwingine. Sina njia ya kuthibitisha kwamba uangalifu huo unatoka kwenye goti moja lililoumia miaka ya 40. Ila kila kiganja kile kikinigusa namkumbuka Syvilla.

Orodha ya mastaa

Shule ya Dunham ilipofungwa, Syvilla na mumewe Buddy Phillips, naye mcheza dansi ya viatu, wakafungua studio yao West 44th Street mwaka 1955. Mumewe alifariki 1963. Yeye akaendelea. Mtindo wake akauita Afro-Modern, ule wa Dunham umechanganyika na vya kwake vya baleti, vya kisasa, na vya Afrika. Akafundisha pale miaka 20, mpaka mwaka aliofariki.

Sasa ukitafuta habari zake popote, aya ya kwanza au ya pili utakutana na orodha. Marlon Brando. James Dean. Eartha Kitt. Harry Belafonte. Alvin Ailey. Alimfundisha huyu, alimfundisha yule. Na mara nyingi kwenye orodha hiyo hutajwa pia Jane Fonda, mwigizaji wa filamu.

Niliposoma la Jane Fonda niliruka kwenye kiti. Mnakumbuka zile kanda za mazoezi, soksi za kuvuta na bendi kichwani, ile ya kwanza ilitoka 1982 ikauzwa dunia nzima, hata kwetu Tanga kuna nyumba zilikuwa na deki na kanda za namna hiyo, kina mama wanafunga mapazia wanaruka sebuleni. Nikaona nimepata! Mstari ulionyooka, Haiti kwenda kwa Dunham, Dunham kwa Syvilla, Syvilla kwa Fonda, Fonda kwa mama zetu. Nilishaanza kuandika hii makala kwa kichwa hicho.

Halafu nikafuatilia. Mazoezi ya ile kanda Fonda aliyapata kwenye studio nyingine kabisa huko California miaka ya 70, kwa mwalimu mwingine. Mstari wangu ukakatika.

Nilikasirika siku mbili tatu. Kisha nikaanza kujiuliza kwanini nilikuwa nauhitaji sana huo mstari. Nilikuwa nataka kumwambia msomaji, mheshimu Syvilla kwa sababu kamfundisha mzungu maarufu. Na orodha yote ile ukiiangalia vizuri inafanya kazi hiyo hiyo, inamwombea heshima kwa mastaa. Ukiondoa Brando na Dean kwenye aya ile, aliyeandika hana cha kuandika. Hasemi alifundisha nini, hasemi darasa lilikwendaje, hasemi kwanini watu waliorudi kwake walirudi miaka na miaka.

Na wale wasiokuwa mastaa je? Studio ikae wazi miaka 20 katikati ya New York, walioingia humo wengi ni watu wa kawaida, karani wa ofisi, binti wa Harlem anayetaka kucheza, mwalimu wa shule ya msingi anayetaka mgongo upone. Hao ndo walimu wa walimu wetu. Mwalimu wetu wa Jumamosi hajawahi kutokea kwenye filamu yoyote, na aliyemfundisha yeye pia. Mlolongo anaotutajia asubuhi hauna staa hata mmoja baada ya Dunham, na ndo uliofika mpaka kwangu.

Nikaifuta ile makala, nikaanza hii.

Siku tano

Mwaka 1975 Syvilla aliambiwa ana saratani ya matiti.

Wenzake wakafanya jambo ambalo sisi huku tunalifanya mara chache, wakamsifu akiwa hai. Muungano wa vikundi vya michezo ya weusi, Black Theater Alliance, ukaandaa usiku wa heshima kwake kwenye ukumbi wa Majestic, mojawapo ya majumba makubwa ya michezo ya Broadway huko New York, tarehe 3 Novemba. Wenyeji wa usiku huo walikuwa Alvin Ailey na Harry Belafonte. Wakauita salamu za vizazi vitatu, na kweli vilikuwa vitatu, waliocheza naye, aliowafundisha, na waliofundishwa na aliowafundisha.

Akafariki tarehe 8 Novemba. Alikuwa na miaka 58.

Siku tano! Nimezihesabu mara nyingi nikiwa naendesha gari. Kuna wakati naona ni huzuni, miaka yote ile ya kufungua studio asubuhi na kupigania kodi ya pango, na heshima inakuja zimebaki siku tano. Kuna wakati mwingine naona hapana, ziliwahi. Jumba zima lilisimama kwa ajili ya mwalimu, halikuwa limekuja kumwona staa. Hizo hisia mbili sijaweza kuchagua moja na sidhani kama inabidi.

Miaka minne baadaye, 1979, mtengeneza filamu mweusi, mwanamke, Ayoka Chenzira, akatoa filamu fupi kuhusu Syvilla. Kwenye jina la filamu hiyo anasema wanacheza kwa ngoma yake. Nimelipenda sana hilo. Ngoma ni ya Syvilla, wanaocheza ni wao.

Mstari mmoja

Wiki chache zilizopita nikaona tangazo la konseti hapa mjini, jioni ya muziki wa piano wa karne ya 20, na kwenye orodha Bacchanale imo. Kwenye maelezo ya waandaaji wameeleza vizuri kabisa habari za bolti na mpira wa dirisha na werevu wa kijana Cage. Dansi haikutajwa. Syvilla hakutajwa. Seattle ilitajwa.

Nikawaandikia barua pepe. Nilijizuia isiwe ndefu ila ikawa ndefu, nikaeleza kila kitu, milango ya baleti, onyesho la 1940, jumba dogo, West 44th Street, mpaka Majestic. Wakajibu kwa adabu kwamba programu iko karibu kwenda kuchapwa na nafasi ni finyu sana.

Nikawauliza finyu kiasi gani. Wakasema mstari mmoja.

Nikawatumia mstari mmoja: muziki huu ulitungwa kwa ajili ya dansi ya Syvilla Fort, mchezaji na mwalimu, mzaliwa wa Seattle.

Wamekubali, unaingia. Nimeomba sasa jina lake liwe na herufi za ukubwa ule ule wa jina la mtunzi, na hilo bado tunaandikiana. Tiketi nimeshanunua, za kwangu na binti yangu, na mwalimu wetu wa Jumamosi naye anakuja, na kasema anawaleta wenzake aliosoma nao.